Haya, Aibu na Majuto: Maneno Machache juu ya Kitabu cha Rosa Mistika



Nilikuwa mgeni Nyaishozi, katika wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, nyumbani kwa ndugu yangu aliyeoa huko akaweka makao. Huko mgeni hukaribishwa kwa buni zilizochemshwa na kukaushwa, akazitafuna, si kama kwetu pwani ambako kahawa hunywewa katika vikombe vidogo. Tulipokuwa tumeketi, mke wa ndugu yangu akanijia na kitabu kilichochakaa, akaniambia: "Shemeji, wewe ni mtu wa vitabu. Hiki nimekikuta chini ya godoro la mwanangu. Nitazamie: nikichome au nikiache?"

Kitabu chenyewe kilikuwa Rosa Mistika, cha Euphrase Kezilahabi. Binti, mwenye umri wa miaka kumi na sita, alikuwa jikoni akimenya ndizi, na kwa siku mbili alikuwa hasemi na mama yake. Siku kile kitabu kilipoonekana, mama alimkaripia mbele ya wanawake wa jirani, akamwita kwa jina ambalo sitaliandika hapa.

Nilimwomba shemeji anipe usiku mmoja. Kitabu nilikuwa nimekwisha kukisoma zamani, lakini nilitaka kukisoma tena nikiwa na swali lake mkononi. Haya niandikayo ndiyo majibu niliyompa, nimeyapanga na kuyaongeza kidogo kwa ajili yako, kwani swali lile si la Nyaishozi tu. Ni swali la kila nyumba yenye binti, ya bara na ya pwani.

Kwanza tukijue kitabu. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Alisomesha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Botswana, na alifariki Januari 2020. Rosa Mistika ndiyo riwaya yake ya kwanza, nayo ilitoka mwaka 1971. Ilipotoka, watu wengi waliilalamikia kwamba inasema waziwazi mambo ya kitandani, hata ikazuiwa mashuleni kwa muda. Kwa hivyo shemeji yangu hakuwa wa kwanza kutaka kuichoma.

Hadithi yenyewe kwa ufupi ni hii. Zakaria ni mwalimu aliyeachishwa kazi kwa sababu ya ulevi. Ana mabinti, na wa kwanza ni Rosa. Baba huyu, ambaye mwenyewe hakuweza kuizuia chupa, amewazuia mabinti zake wasisemezwe na mvulana yeyote. Siku alipoiona barua ya kijana iliyoandikwa kwa Rosa, alimpiga mtoto kipigo cha kumuumiza. Kisha Rosa akaenda Mwanza kusoma katika shule ya masista, na huko, mbali na fimbo ya baba, akahadaiwa na Bwana Maendeleo aitwaye Deogratias. Tangu hapo akateleza, na alipofika Chuo cha Ualimu Morogoro hata mkuu wa chuo alikuwa miongoni mwa waliomchezea. Baadaye Rosa alitengenea, akarudi kwao, akawa mwalimu mwenye mwendo mwema, akaposwa na Charles. Charles alipoyajua mambo yake ya nyuma akamwacha. Rosa akajiua.

Sasa, msomaji wangu, tuweke mbali kwa kitambo yale maneno ya wazi yaliyowatia watu hasira, tuulize swali lililo kubwa zaidi: huyu binti aliuawa na nini? Wengi husema aliuawa na dhambi zake. Mimi nasema soma vizuri. Alipokuwa akitenda dhambi hakujiua. Alijiua baada ya kuziacha. Hapa ndipo palipo na fumbo la kitabu hiki, na kulifumbua hatuna budi tutenganishe maneno matatu ambayo ndimi zetu zimezoea kuyachanganya: haya, aibu na majuto.

Haya ni ulinzi. Inakuwamo moyoni kabla ya tendo, nayo humzuia mtu hata akiwa peke yake gizani, kwa sababu anajua kuwa Mola wake anamwona, na anajiheshimu mwenyewe. Hiyo ndiyo haya ambayo Mtume (s.a.w.) ameihesabu kuwa ni sehemu ya imani. Aibu huja kwa njia nyingine. Ni moto unaompanda mtu usoni anapojua kwamba watu wamemwona, au wanaweza kumwona. Na majuto ni maumivu ya moyo kwa ajili ya kitendo: nimefanya vibaya, nimemdhulumu fulani, nifanyeje nikitengeneze?

Mwaka ule ule wa 1971, Rosa Mistika ilipotoka, Helen Block Lewis, mwanamke wa Marekani aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya nafsi, alitoa kitabu chake juu ya aibu na hisia ya hatia kwa watu waliokuwa wakitibiwa maradhi ya nafsi. Alisema kwamba mwenye kushikwa na aibu huitazama nafsi yake nzima akaiona mbovu, na mwenye kuona hatia hukitazama kile alichokitenda. Baada yake June Tangney na wenziwe wakaendelea kulichungua jambo hili miaka mingi, na mwaka 2002 Tangney na Ronda Dearing wakalieleza kitabuni. Waliona kuwa mtu aliyezoea aibu huelekea kujificha, kukasirika na kuwatupia wengine lawama. Mwenye kujutia kitendo huelekea kukiri, kuomba radhi na kutengeneza alichokiharibu.

Sisi Waislamu tusilione jambo hili kuwa geni. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya kwamba toba hupangika kwa mambo matatu: ilimu, yaani mtu kuujua ubaya wa alichokitenda, kisha hali, nayo ni majuto yanayozaliwa na ilimu hiyo, kisha amali, yaani kuacha, kuazimia kutorudi, na kurudisha haki ya mwenye haki. Tazama mpango huu vizuri. Hakuna mahali ndani yake panapohitaji watu kukusanyika wamtazame mtubiaji. Na majuto hayakuwekwa mwisho, yamewekwa katikati, kwa sababu kazi yake ni kumvusha mtu kutoka kwenye kujua hadi kwenye kutengeneza. Majuto yasiyovusha mtu ni kilio tu.

Turudi kwa Zakaria. Kosa lake silo kumkataza binti uovu, kwani kila baba ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Kosa lake ni kwamba alimfunza Rosa kumwogopa Zakaria. Hakumfunza jambo lingine. Hakumweleza mwili wake ni amana ya namna gani, wala mwanamume mwenye nia mbaya hujuaje kusema maneno matamu, wala binti ajibu nini. Alimpiga, akamwaibisha, akadhani amemlea. Akajenga ukuta nje ya mtoto, na ndani hakujenga kitu. Rosa alipopanda chombo kwenda Mwanza, ukuta ulibaki Ukerewe. Na jicho la baba lilipokuwa halimfikii, hakuwa na jicho lingine la kumlinda.

Isitoshe, huyo baba mwenyewe alikuwa mlevi mbele ya watoto wake. Mtoto huyaona haya. Akiona baba anaulinda mlango wa binti kwa rungu na mlango wa kilabu anauacha wazi, atajifunza kwamba wema ni kitu cha kulazimishwa wanyonge.

Jambo la pili ambalo kitabu kinatuonyesha ni kwamba aibu haigawanywi kwa haki. Hesabu wanaume waliomo ndani ya riwaya hii: Bwana Maendeleo, mkuu wa chuo, na wengine. Ni nani kati yao aliyeaibika kama alivyoaibika Rosa? Dhambi ilifanywa na watu wawili, na mzigo ukabebwa na mmoja.

Wala haya si ya hadithi tu. Katika zama za ukoloni, wanawake wengi kutoka Buhaya walikwenda Kampala, Nairobi na miji mingine, na baadhi yao wakaishi kwa kuuza miili yao. Wanaume wa kwao waliona aibu, wakataka wanawake hao wakamatwe warudishwe. Lakini hapakuwa na aliyeandika orodha ya wanaume waliokuwa wakilipa, na miongoni mwa waliolipa walikuwamo wa kila kabila na kila dini, na wa pwani wakiwamo. Mpaka leo wako kwetu wanaolifanyia mzaha jina la Wahaya na neno haya, na wanawaingiza humo hata Wanyambo wa Karagwe, ambao ni watu wengine. Neno haya limetoka katika Kiarabu, na jina la Wahaya ni lao wenyewe. Anayefanya mzaha huo na avisome vile vifungu vya Surat al-Hujurat vinavyokataza watu kuwadharau watu wengine, kisha ajiulize haya yake mwenyewe iko wapi.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa, ni Charles. Wasomaji wengi humlaumu Zakaria wakamsahau huyu. Zakaria alimtia Rosa njiani, lakini Charles ndiye aliyeufunga mlango wa kurudi. Rosa alikuwa amekwisha kuacha, na hali yake njema ilikuwa ikionekana. Charles hakuiuliza hali hiyo, aliuliza ya zamani. Na kwa kumwacha alimwambia kwa vitendo neno ambalo aibu humnong'oneza kila aliyekosa: kwamba wewe huwi kitu kingine tena, kosa lako ndilo wewe.

Linganisha na kisa tunachowasomea watoto wetu, cha Nabii Yusufu na nduguze. Walimtupa kisimani na wakamdanganya baba yao. Walipokuja kusimama mbele yake, yeye ana hazina ya Misri na wao wana njaa, waliyakiri makosa yao. Alikuwa na uwezo wa kuwaaibisha mbele ya wakuu wote wa nchi. Akawaambia kwamba siku ile hapana lawama juu yao, na akawaombea msamaha. Hakusema kuwa kosa halikuwa kosa. Alilifungua lango, nao wakapita. Ndipo familia ikaungana tena. Lau Yusufu angekuwa Charles, watu wale wangerudi Kanaani na aibu yao, na Yaakub angekufa asimwone mwanawe.

Nimekisifu kitabu, basi na nikitoe ila zake, maana mhakiki asiyetoa ila ni mpiga debe.

Ila ya kwanza: mwandishi ametuonyesha kwa ufundi jinsi Rosa alivyoanguka, lakini alipotengenea ametupitisha mbio. Ni nini kilichomgeuza? Alilia usiku? Alimwomba nani msamaha? Yale majuto yaliyomvusha, ambayo ndiyo kiini cha jambo zima, hatuyaoni ya kutosha. Ila ya pili: mwisho wa kitabu mwandishi anawapeleka Zakaria na Rosa mbele ya hukumu ya Mungu, wanashitakiana baba na binti. Kwetu sisi mambo ya akhera si mahali pa mtunzi kutungia baraza. Hata kama tutaisoma kuwa ni mfano tu, naona mwandishi ameikimbilia mbingu kwa jambo ambalo lilipasa liamuliwe duniani, na watu wa Namagondo, walipokuwa bado wana nafasi. Ila ya tatu ni ile iliyolalamikiwa tangu mwanzo, maneno ya wazi. Mahali pengine yana kazi. Mahali pengine yangalipunguzwa na hadithi isipungukiwe na kitu. Kwa sababu hiyo mtoto mdogo asipewe.

Pengine wewe, msomaji, utaniuliza: ukiwaondolea watu aibu, huoni kwamba uovu utatembea mchana? Swali hili ni la haki. Jawabu langu ni kwamba sikusema aibu iondoke yote. Mwenye kutangaza uovu wake na kujivunia amekosa haya, na jamii inayo haki kumkemea. Ninalosema ni kwamba aibu ni kama chumvi. Ukiifanya chakula itaua. Na mahali ilipofanywa chakula, haikuwazuia watu uovu. Iliwafunza kuuficha.

Ushahidi upo mkoani Kagera kwenyewe. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana katika mkoa huo mwaka 1983. Ugonjwa haukuitwa kwa jina lake. Watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo za mtindo zilizokuwa zikiletwa na wafanya magendo kutoka Uganda. Zilikuwapo nyumba zilizosema ni uchawi, ili wasiseme lile jingine. Kwa aibu mume alimficha mke, na mke akamficha mume, na maradhi hayakuona haya, yakapita katikati yao. Mwaka 1989 mwimbaji Philly Lutaaya wa Uganda alisimama mbele ya umma akasema kwamba anao ugonjwa huo, na miezi yake ya mwisho akaitumia kuwaonya vijana, hadi alipofariki Desemba mwaka huo huo. Wako waliosema anaongopa, kwa kuwa hawakuwa wamezoea kumwona mtu akilitaja hilo kwa kinywa chake. Yeye alikuwa amevuka kutoka aibu hadi majuto, na majuto yake yakawa faida kwa wengine.

Ushahidi mwingine ni wa mashuleni. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Tanzania Bara aliyepata mimba alifukuzwa shule. Juni 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani, huko Chalinze, kwamba hatarudi katika shule za serikali. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatangaza kuwa sasa anaweza kurudi baada ya kujifungua. Katika miaka hiyo yote ilidhaniwa kwamba aibu ya mmoja itawatisha wengine. Walakini kufukuzwa hakukumfundisha hata msichana mmoja namna ya kumjibu Deogratias, na Deogratias mara nyingi alibaki kazini kwake. Mlango umefunguliwa kwa tangazo. Umebaki mlango wa nyumba, na huo hauwezi kufunguliwa na wizara. Hufunguliwa na baba na mama.

Nayo dini yetu imetufundisha jinsi ya kuufungua. Imetukataza kupeleleza siri za watu. Imetuahidi kwamba mwenye kumsitiri mwenzake Mwenyezi Mungu atamsitiri. Sitara si kuuficha udhalimu, kwani mwenye kumdhulumu mtoto lazima ashitakiwe, na kumficha huyo ni kushirikiana naye. Sitara ni ya yule aliyeteleza akarudi, kwamba asiambiwe kila asubuhi alikoteleza. Na mtoto aliyekosa aitwe faraghani, aambiwe kitendo chake ni kibaya na kwa nini ni kibaya, aonyeshwe la kufanya, kisha jambo liishe. Asiitwe jina ambalo litamkaa kichwani hata awe bibi.

Haya ndiyo niliyomwambia shemeji asubuhi yake, migomba ikiwa bado na umande. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi kosa langu si kukichukua kitabu. Kosa langu ni wale jirani." Nikamwambia kwamba hilo amelisema yeye, nami sikuliongeza neno.

Kuhusu kitabu nilimshauri hivi. Asikichome. Akisome kwanza yeye, na mumewe akisome, hasa mumewe, maana naona kitabu hiki kinawahusu akina baba kuliko mabinti. Kisha wamrudishie binti mkononi, si chini ya godoro, wakae naye wamuulize: wewe ungalikuwa Rosa, siku ile ya barua ungalitaka baba yako akwambieje? Swali hilo moja, likijibiwa kwa upole, litafanya kazi ambayo fimbo ya Zakaria haikuifanya.

Nilipokuwa nafunga mzigo nilimsikia mama akiingia jikoni. Sikusikia alichosema, na haikunipasa kusikia. Nilisikia tu kwamba binti alijibu.

Nawe, ndugu msomaji, ukimaliza kusoma ukurasa huu, mtazame aliye karibu nawe ambaye unalijua kosa lake la zamani. Je, amekwisha kuliacha? Kama ameliacha, liache nawe. Mwenyezi Mungu atutie haya mioyoni mwetu, atujaalie majuto yatuvushayo, na asitufanye sisi kuwa wafungaji wa milango aliyoiacha wazi. Amin.